Kadi Iliyokaa Ibighi

Kwa miezi kumi na minne mshahara wangu ulitolewa benki bila mimi kuwepo. Kadi yangu ilikuwa Ibighi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya kaunta ya mtu aliyeuza sabuni, misumari na betri, na ambaye pembeni ya hayo alikopesha fedha. Namba yangu ya siri alikuwa nayo vilevile. Niliiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wangu wa ubaoni, kwenye kipande cha karatasi, naye akakifunga pamoja na kadi kwa mpira.

Wajukuu wakisikia hivi hunitazama kama mtu aliyesafiri akaacha mlango wazi. Lakini walimu wengi wa huku kwetu tulifanya hivyo miaka ile, na wauguzi pia, na hata karani mmoja wa mahakama. Tuliita kuweka kadi bondi, yaani rehani. Hatukuona kwamba ni jambo la kuficha.

Ilikuwa miaka ambayo mambo yalifunguliwa. Mashirika yaliuzwa, maduka ya Tukuyu yalijaa bidhaa za nje ambazo hatukujua hata kuzitamka, na siku moja benki ikatoboa ukuta wake ikaweka mashine ya kutolea fedha. Kabla ya hapo tulipanga foleni dirishani tangu asubuhi, kila mtu na kitabu chake. Siku niliyosimama mbele ya mashine kwa mara ya kwanza nilivua kofia. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akacheka.

"Mwalimu, hiyo si madhabahu."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikuona kichekesho. Kitu kile hakikuniuliza mimi ni mtoto wa nani, wala nasali wapi, wala nani ananifahamu hapa mjini. Kilinitambua. Kikahesabu noti zangu ndani ya ukuta, nikazisikia zikipigapiga kama mbawa, kikanipa. Nilirudi nyumbani Lufingo nikimshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili kiasi kile. Ukweli ni kwamba vitufe sikuvibonyeza mimi. Mlinzi wa benki ndiye aliyenibonyezea, siku ile na miezi yote iliyofuata.

Namba ya siri nilichagua bila kufikiri sana. Ni wimbo ninaoupenda tangu darasa la kipaimara, namba yake kitabuni, na sifuri mbele ili zitimie tarakimu nne.

Kisha baba yake mke wangu akafariki huko Kinyala. Kwetu mkwe haendi msibani na mikono yake miwili tu. Anapeleka ng'ombe, na watu wa ukoo wanasimama pembeni wanamtazama ng'ombe huyo tangu pembe hadi kwato, kisha wanamtazama aliyemleta. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja, wa maziwa, na nusu ya kitongoji walinywa kwake. Habari ilinifikia asubuhi, na mazishi yalikuwa kesho yake. Mchana nikawa nimesimama Ibighi mbele ya ile kaunta, nikiomba mkopo wa ng'ombe.

Mwenye duka nilimfahamu. Aliimba besi katika kwaya yetu, na kwenye nyimbo za majonzi sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba benchi zilitetemeka. Hakunisumbua hata kidogo.

"Mwalimu, mimi sitaki shamba lako," alisema. "Sitaki migomba yako, sitaki hati ya nyumba. Nipe tu kale kakadi."

"Na namba?"

"Na namba. Kadi bila namba ni jogoo bila sauti."

Nilipomwandikia akaitazama ile karatasi, kisha akaanza kuimba taratibu ubeti wa kwanza wa wimbo wangu. "Hata usingeniandikia," alisema, "ningeikisia."

Ningepaswa kuogopa pale pale. Badala yake nilifurahi. Nilifundishwa tangu mtoto kwamba ahadi ya mwamini haina mlango wa nyuma. Kumpa mtu kadi na kumficha namba kuliniwia kama kutoa mkono wa salamu huku umekunja ngumi. Yeye aliniamini kwa fedha yake, nami nikamwamini kwa yangu, na ng'ombe akafika Kinyala kabla ya jeneza kutoka ndani.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi nilishuka Ibighi, yeye akanipa bahasha yenye kilichobaki, nikaweka sahihi katika daftari lake. Sikuuliza kilichokatwa. Kuuliza kulifanana na kumwita mwizi, na Jumapili tungekaa meza moja ya Bwana. Mkopo ulikuwa wa miezi sita. Ikapita, ikapita mingine, bahasha ikazidi kuwa nyembamba.

Mwezi wa kumi na nne nikaletewa barua ya kustaafu. Nilijaza fomu za kiinua mgongo, malipo ya miaka thelathini na sita ya chaki, na mahali pa akaunti nikaandika akaunti yangu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, yeye akiwa mlangoni mwa jiko, mimi nimekaa nje kwenye kigoda. Tulipanga bati jipya, maana mvua ya huku haimsamehe mtu, na ndama, na akiba ya uzee wetu.

Mkamwana wetu, mke wa mwanangu wa kwanza, alikuwa ndani ya jiko hilo. Lazima nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Kwa mila yetu mke wa mwanao hasimami mbele yako. Hakutazami usoni, hapiti njia unayopita, na akiwa na neno kwako atampa mama mkwe wake alilete, hata kama wewe uko hatua tatu kutoka hapo na umelisikia lote. Makanisa yamelegeza mengi, lakini nyumbani kwetu heshima hiyo ilibaki. Mwanangu aliendesha malori ya Tunduma, mke wake akaishi nasi miaka minne, na mimi sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Nilijua sauti yake na kikohozi chake. Na nilijua kwamba kabla ya kuolewa alifagia benki moja kule Mbeya.

"Mama," nilisikia kutoka jikoni, "muulize baba. Hiyo akaunti aliyoandika, ndiyo ile ambayo kadi yake iko Ibighi?"

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia. Ndiyo hiyo hiyo. Mtu ana akaunti moja kama alivyo na shingo moja."

"Mama, mwambie baba basi kiinua mgongo kitaingia kwenye kopo."

Ndizi zilikuwa zinatokota, nikasikia mfuniko wa sufuria ukigonga. Nilijaribu kutafuta mahali ambapo maneno yale hayakuwa kweli, sikupapata.

"Mama," akaendelea, taratibu, kama mtu anayepita mahali penye utelezi, "mwambie baba kadi inafungwa. Anakwenda benki na kitambulisho, anasema, kadi yangu haiko mikononi mwangu. Wanaifunga, wanampa nyingine na namba nyingine. Ile ya Ibighi inabaki kiplastiki cha kukwangulia ukoko."

Mke wangu alicheka kwa sauti. Mimi sikucheka.

"Siwezi," nilisema. "Nilimpa kwa mkono wangu. Nikienda kuifunga kwa siri nitakuwa nimemwibia."

"Wewe mtu!" mke wangu akapiga mapaja. "Umwibie hela zako mwenyewe? Nitalala kwenye bati lile linalovuja mpaka nizikwe, kwa sababu wewe una aibu na mwimba besi?"

"Nilitoa neno."

Jikoni mwiko ukagonga ukingo wa sufuria. Kisha ile sauti ikasema: "Mama, muulize baba. Neno alilotoa lilikuwa la kulipa deni, au lilikuwa la kutoa kadi?"

Nimefundisha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimewaeleza tofauti ya kiapo na kitu, ya roho na ganda lake. Na sasa msichana aliyekuwa akichochea ndizi, ambaye sijapata kuuona uso wake, alinieleza somo langu mwenyewe kwa swali moja kupitia ukuta wa matete. Nilikaa pale kwenye kigoda nikavua kofia. Mungu huwa hatumi malaika pale ambapo mtu yupo karibu.

Kesho yake nilikwenda Ibighi kwanza, siyo benki. Mke wangu hakukubali, lakini hapo nilikuwa na hakika. Mwenye duka alinikaribisha kwa soda.

"Mwalimu, nasikia tunastaafu!"

"Umejuaje?"

"Mji mdogo huu. Wala usiwe na wasiwasi, kiinua mgongo kikiingia tutamalizana. Mashine ina kikomo kwa siku, nitakutolea polepole, kidogo kidogo. Hutachoka kuja mjini."

Alisema hivyo kwa upole mkubwa, na naamini hakujiona kuwa mtu mbaya. Ndiyo maana iliniogopesha.

"Deni limebaki kiasi gani?" Lilikuwa swali langu la kwanza tangu tuanze.

Akapekua daftari, akarudi nyuma, akaja mbele. "Miezi mitatu. Riba, Mwalimu, ni kama mgomba. Unakata mmoja, pembeni umeshachipua mwingine."

Sikumbishia hesabu. Pengine ilinipasa kubisha, lakini mtu aliyetia sahihi mara kumi na nne bila kusoma ana mdomo mfupi. "Basi andika miezi mitatu," nilisema, "na isizidi hapo. Tuweke sahihi wote wawili. Nitakuletea kwa mkono wangu kila mwisho wa mwezi. Ila kadi yangu naenda kuifunga kesho. Nimeona nikwambie kabla."

Akacheka, akalipiga lile kopo kwa vidole. "Uifunge? Wewe ambaye mlinzi ndiye anakubonyezea?"

"Mimi huyo."

"Na usipoleta hela?"

"Utaniuliza Jumapili kabla ya mahubiri, mbele ya usharika mzima. Sauti unayo."

Hilo alilipenda. Aliandika, tukaweka sahihi, lakini kadi hakunipa. "Ukiweza kuifunga, funga," alisema.

Tulikwenda mjini watatu, kwa mpangilio unaotakiwa. Mimi nilitangulia mbali, mke wangu akafuata na mwavuli, mkamwana nyuma kabisa, kanga imeshuka hadi machoni. Ndani ya benki niliketi mbele ya binti mmoja wa mezani, nikasema maneno niliyotumwa kusema: kadi yangu haiko mikononi mwangu. Akatazama kitambulisho, akaandika kitu kwenye kompyuta, haikuchukua muda wa kumeza mate.

"Imefungwa, mzee."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Niliangalia dirishani. Ibighi ilikuwa kule ng'ambo, na kwenye rafu kule kulikuwa na kopo ambalo hakuna mtu aliyeligusa wala kulifungua, na ndani yake kitu kimekwisha nguvu kwa sababu neno limesemwa hapa. Maisha yangu yote nimeomba nikiwa Lufingo kwa ajili ya watu walioko mbali, nikiamini kwamba neno lililosemwa mahali pamoja hufanya kazi mahali pengine. Niliamini, lakini sikuwahi kuketi kwenye kiti nikaambiwa: sasa hivi. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yule binti akauliza kama nataka maji.

Kadi mpya ilichukua wiki mbili. Katika muda huo mkamwana alichukua boksi la sabuni, akalipasua, akachora juu yake mashine nzima kwa makaa: vitufe, tundu la kadi, na kioo chenye maneno yanayokuja moja baada ya jingine. Mke wangu ndiye aliyeniletea, na mke wangu ndiye akawa mashine. Aliketi barazani amelishika boksi mbele ya kifua.

"Ingiza namba yako ya siri," aliamuru.

Nikabonyeza.

"Mama," ikasikika kutoka nyuma ya migomba, "mwambie baba afunike kwa mkono wa pili."

Nikafunika. Nikaomba elfu ishirini.

"Salio halitoshi," mke wangu akasema. "Nenda kalime."

Mafundisho mengine yalikuja hivyo hivyo. Nisimpe mlinzi kadi, hata akiwa mtu mwema. Nisiandike namba popote. Nisiweke mwaka niliozaliwa, wala namba ya wimbo wowote, "kwa sababu mama, mwambie baba, kanisa zima linajua anavyoimba." Siku ya kuchukua kadi yule binti wa benki akaniambia nisimtajie namba mtu yeyote, hata mama huyu. Mke wangu alikuwa kando yangu. Katika ndoa yetu sikuwahi kumficha kitu, nikafungua mdomo kumweleza binti hivyo. Mke wangu akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiniambie! Mimi huwa naota kwa sauti!"

Mwisho wa mwezi ule nilisimama mbele ya mashine nikabonyeza mwenyewe. Ng'ambo ya barabara mkamwana alikuwa amesimama ametupa mgongo, na mke wangu katikati yetu, akichungulia huku na huku kama mwamuzi wa mpira. Noti zilitoka. Mchana nikazipeleka Ibighi.

Mwenye duka alinipokea kwa ukali. "Imeimeza, Mwalimu! Nimekwenda na kadi zangu asubuhi, foleni ndefu nyuma yangu, mashine ikaimeza yako mbele za watu! Mlinzi akaniuliza hizi nyingine ni za nani!"

"Pole," nilisema, nikaweka bahasha juu ya kaunta. "Hesabu."

Alihesabu. Akarudia kuhesabu. Kisha akanitazama, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliniona bila kuiona kadi. "Umeleta," alisema, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyatarajia.

Mwezi wa pili nilipeleka tena. Mwezi wa tatu haujaisha, tukasikia kwa walimu wenzangu waliostaafu pamoja nami kwamba fedha zimeanza kuingia. Sikula asubuhi ile. Njiani nilikuwa nikijiuliza kama kweli lile neno lililosemwa mezani lilikuwa limeshika, kama hakuna kadi nyingine, kama mtu wa Ibighi hakuwa na njia ambayo sisi hatuijui. Mlima Rungwe ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka miguuni, tukatembea watatu kwa mpangilio wetu.

Nikaingiza kadi. Nikafunika kwa mkono wa pili. Nikabonyeza mahali pa kuuliza salio, na kioo kikaandika.

Nilihesabu sifuri kwa kidole. Nikapotea, nikaanza upya. Asubuhi zote za umande, watoto wote waliojifunza kushika kalamu, majina ambayo nimeyaita kila siku na mengine ambayo yamekwisha kuandikwa makaburini, yote yalikuwa pale, mstari mmoja wa tarakimu, na hakuna hata moja iliyoguswa.

"Mzee," mtu akasema nyuma yangu, "unasoma gazeti?"

Nilitoa kiasi cha mwezi wa tatu tu, nikatoka. Mke wangu alinitazama mdomo.

"Imefika yote," nilisema.

Aligeuka ili akapeleke habari ng'ambo, lakini hapakuwa na haja. Mkamwana, ambaye bado alikuwa ametupa mgongo, alikuwa ameketi chini kwenye majani yaliyolowa, kichwa juu ya magoti.

Ibighi sikukaa. Mwenye duka alisema mwezi bado haujaisha, nikamwambia najua. Alipofungua kopo aweke fedha nikaona kadi za wengine, zimefungwa kwa mpira, kila moja na karatasi yake. Nilimuuliza habari za kadi hizo.

"Wenyewe wanajua njia ya kuja," alijibu. Lakini hakunitazama. Alichana ukurasa wangu akanipa, na tukaagana kwa jina la Bwana.

Tukarudi nyumbani kwa mpangilio ule ule, mimi mbele peke yangu, wao nyuma. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Nilitaka sana kugeuka nimtazame mtoto yule usoni, mara moja tu, nimwambie alichonifanyia. Nilikuwa na umri wa kutosha na sababu ya kutosha. Sikugeuka, kwa sababu yeye naye angeweza kunidharau na hakunidharau, na mgongo wangu ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumpa.

"Mama," niliita bila kusimama, "mwambie mwanangu ndaga. Mwambie nashukuru sana. Mungu amkumbuke."

Nyayo zao nyuma yangu zikasimama kidogo, kisha zikaendelea.

"Amesikia," mke wangu alisema.